Hotspoti Imegoma? Mwongozo Kamili wa Kuipatia Laptopu Intaneti, Unguja na Pemba

Mpwa wangu alinijia Chake Chake baada ya Isha, laptopu kwapani. Maombi ya mkopo wa chuo yanafungwa kesho yake, simu ina GB 4, WhatsApp inapokea picha bila ya shida, lakini laptopu inamwambia imeunganishwa na hakuna intaneti. Alishazima na kuwasha simu mpaka vidole vikamchoka. Rafiki yake alimwambia mitandao imefunga hotspoti siku hizi, na yeye akawa anangojea kuche akanunue laini nyengine.

Zile GB 4 zilikuwa za mitandao ya kijamii tu. Tulinunua kifurushi kidogo cha intaneti ya kawaida, cha siku moja, na fomu ikaenda kabla ya saa tano usiku.

Wengi wanaosema hotspoti imefungwa hawajatafuta imefungwa wapi. Kuna pahala panne pa kutafuta: ndani ya simu, kwenye mipangilio ya laini, kwenye kifurushi, na mnarani au mbali zaidi ya mnara. Ukikosea pahala, utanunua simu mpya kwa ugonjwa wa kifurushi.

Kwanza, tafuta kizuizi kilipo

Fuata majaribio haya kwa mpangilio, usiruke. Ni kazi ya dakika kumi.

Zima Wi-Fi ya simu ubaki na data ya laini peke yake, kisha fungua kivinjari uingie kwenye tovuti ambayo hujawahi kuifungua. Usijaribu kwa WhatsApp wala Facebook. Hizo zina vifurushi vyake, na huweza kwenda vizuri wakati intaneti nyengine yote imelala. Tovuti isipofunguka kwenye simu yenyewe, iache hotspoti. Hapo huna data ya kumgawia mtu.

Ikifunguka, unganisha simu ya mtu mwengine kwenye hotspoti yako badala ya laptopu. Ile simu ikipata intaneti, mgonjwa ni laptopu. Isahaulishe mtandao huo kisha uunganishe upya, na uzime VPN (programu inayoficha njia ya intaneti yako) yoyote iliyosahaulika imewashwa. Angalia na saa na tarehe pia. Laptopu za zamani zilizokufa betri ya ndani hurudi mwaka wa nyuma kila zikizimwa, na tovuti nyingi hukataa kufunguka kwa kompyuta yenye tarehe ya uongo. Hili nimelikuta mara nyingi kuliko nilivyotarajia.

Simu ya pili nayo ikikosa, toa laini yako uiweke kwenye simu nyengine, uwashe hotspoti huko. Ikifanya kazi, kasoro iko kwenye simu yako. Ikikataa tena, iko kwenye laini au kifurushi.

Mwisho, nunua kifurushi kidogo kabisa cha intaneti ya kawaida. Kiwe hakina jina la programu yoyote wala jina la kundi la watu, kama vile wanafunzi. Menyu unazijua: Vodacom ni *149*01#, Airtel *149*99#, Halotel *148*66#, na Yas, iliyokuwa Tigo hadi 2024, ni *147*00#. Ngoja ujumbe wa kuthibitisha, washa hali ya ndegeni kwa nusu dakika, izime, ujaribu tena. Laptopu ikifunguka, umeshamkamata: ni kile kifurushi cha mwanzo.

Kama hakuna kinachofunguka popote, muulize jirani mwenye mtandao mwengine. Naye akiwa hana, tia simu mfukoni ukalale. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika, na nchi nzima ikahangaika, Bara na Visiwani. Kuanzia 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima. Siku kama hizo hakuna mpangilio wa simu utakaokusaidia.

Kasoro za ndani ya simu

Simu ya Android iliyowekwa Kiswahili haiandiki hotspoti, inaandika mtandaopepe, na wengi huipita bila ya kuitambua. Ukishaifikia, kagua mambo matatu.

La kwanza ni Kiokoa Data. Ikiwa imewashwa, Android haikubali kurusha intaneti kwa kifaa chengine. Watu huiwasha ili kubana matumizi, wakasahau, kisha wakailaumu kampuni ya simu. La pili ni bendi, yaani masafa ya Wi-Fi. Hotspoti ikiwa kwenye GHz 5, laptopu kongwe haitaiona hata jina lake. Irudishe kwenye GHz 2.4. La tatu ni ule mpangilio wa kuzima hotspoti yenyewe kama hakuna kifaa kilichounganishwa. Uzime ikiwa unachelewa kufungua laptopu.

Kwenye iPhone, ukurasa wa hotspoti una swichi iliyoandikwa Maximize Compatibility. Iwashe kama laptopu haikuoni. Na ukurasa huo uuache wazi mpaka laptopu ishike. Ukiuacha mapema, simu huweza kuacha kujitangaza.

Sasa simu za mtumba, ambazo hapa kwetu ni nyingi mno. Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya kampuni fulani ya Marekani huwa ina programu inayoiuliza kampuni hiyo kama mteja amelipia hotspoti. Umeifungua laini, unapiga na kupokea, lakini hilo swali la hotspoti limebaki ndani yake. Ndiyo maana ukinunua simu iliyotumika, sokoni Darajani au kwa mtu, ijaribu hotspoti yake palepale kabla ya kutoa pesa. Watu hujaribu kamera na spika, hili hawalijaribu.

Kwa Android inayowasha hotspoti lakini haipitishi kitu, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa simu, kisha Majina ya Milango ya Mtandao, yaani APN. Fungua APN unayotumia, shuka mpaka kwenye aina ya APN. Mara nyingi pameandikwa default,supl. Ongeza mkato na neno dun, bila ya nafasi, iwe default,supl,dun, kisha hifadhi na uzime data uiwashe tena. Hiyo dun ndiyo inayoiambia simu kwamba mlango huo unaruhusiwa kutumiwa na kifaa kilichoungwa nyuma yake. Kabla ya kugusa chochote piga picha ya ukurasa huo, ukiharibu uweze kurudi.

Kwenye iPhone ambayo menyu ya hotspoti imetoweka kabisa, ingia kwenye mipangilio ya mtandao wa data ya simu. Chini kabisa kuna kisanduku cha APN cha hotspoti. Kikiwa kitupu, jaza APN ileile iliyo juu, kisha zima na washa simu. Baadhi ya laini hazikuruhusu kuhariri hapo. Hapo mpigie mtoa huduma akutumie mipangilio.

Kifurushi kinavyojua kwamba hutumii simu

Vifurushi vya WhatsApp au vya mitandao ya kijamii havina siri: vinafungua anwani za programu hizo tu. Laptopu ikiomba tovuti ya chuo, inagonga mlango usio wake.

Vifurushi vinavyokataza hotspoti kwa makusudi vina ujanja zaidi. Kila pakiti ya data inayotoka kwenye kifaa hubeba namba inayohesabu vituo, iitwayo TTL. Simu za Android na iPhone huanza na 64, Windows huanza na 128. Kila ikipita kituo, namba hupungua moja. Simu yako ikitumia data yenyewe, mtandao unapokea 64. Laptopu ikipita nyuma ya simu, simu inakuwa kituo, na mtandao unapokea 127, au 63 kama laptopu nayo huanza na 64. Mtambo wa kampuni haukuoni umekaa na laptopu barazani, lakini unaiona ile 127 na unajua.

Kuna watakaokufundisha kuibadili namba hiyo. Inawezekana, na mimi siwashauri wenzangu wafanye hivyo. Umekubali masharti uliponunua, na kifurushi kikikatwa katikati ya mtihani huna pa kudai. Halafu tofauti ya bei baina ya kifurushi chenye hotspoti na kisicho nayo kwa kawaida haifiki thamani ya usiku mmoja wa kuhangaika. Utaambiwa pia utumie VPN. Ile unayowasha kwenye simu ya Android kwa kawaida haimfikii aliyeungwa kwenye hotspoti, kwa hiyo hata hilo unalolitaka halitatokea. Na Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili. Mwenye kazi inayohitaji VPN aitangaze kwa njia hiyo, asiifanye kinga ya kifurushi.

Laptopu inavyokunywa data

Hapa ndipo penye malalamiko mengi zaidi: nimewasha hotspoti nusu saa, GB 2 zimekwenda, nimeibiwa. Hukuibiwa. Laptopu ikiona Wi-Fi huchukulia kwamba iko ofisini, penye intaneti isiyopimwa. Inaanza kushusha masasisho ya Windows, ambayo moja kubwa hufikia GB kadhaa, na kupandisha mafaili yako kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Kwa hiyo kabla ya kazi yoyote, fungua mipangilio ya Wi-Fi kwenye Windows, bonyeza jina la hotspoti yako, uwashe swichi ya Metered connection. Hapo unaiambia kompyuta kwamba data hii inahesabiwa, nayo huacha sehemu kubwa ya masasisho. Simamisha OneDrive, hifadhi ya mtandaoni inayokuja na Windows, kwa mkono. Funga vichupo vya kivinjari vinavyocheza video peke yao. Na simu nyengine ya nyumbani ikiungwa kwenye hotspoti yako, nayo itaanza kupandisha picha za harusi nzima bila ya kumwambia mtu.

Jifunze na hesabu. Kikao cha Zoom cha watu wengi hula GB 1 kwa saa au zaidi, kulingana na ubora wa picha. Ukizima kamera yako na kuangalia slaidi tu, inashuka sana. Mwanafunzi wa SUZA, chuo kikuu cha taifa cha Zanzibar, mwenye vipindi vinne kwa wiki, saa mbili kila kimoja, anahitaji kama GB 32 kwa mwezi kabla hajafungua kitabu hata kimoja. Ukifika hapo hotspoti si njia yako tena.

Njia nyengine, kuanzia isiyo na gharama

Acha laptopu. Nasema kweli. Fomu nyingi za serikali na vyuo hujazika kwenye simu ukichagua hali ya kompyuta ndani ya kivinjari. Barua ndefu iandike kwa kibodi ya USB iliyochomekwa kwa adapta ya OTG (kile kipande kidogo cha kuunga USB kwenye simu), na simu nyingi za Android zinaikubali. Kuchapisha na kuskani, nenda steshenari.

Waya wa USB. Unganisha simu na laptopu kwa waya wa chaji, kisha kwenye simu washa kusambaza mtandao kupitia USB. Ni imara kuliko Wi-Fi, simu inapata chaji, na jirani hawezi kuiona. Ila hakikisha waya ni wa data, kwani ule wa bei rahisi hupitisha umeme tu. Bluetooth nayo inarusha intaneti, polepole, na betri haiishi haraka. Inatosha kwa barua pepe ukiwa kwenye boti.

Kushusha mapema. Baada ya Isha mtandao unakuwa mzito kama uji wa moto. Kabla ya Alfajiri unakimbia. Vifurushi vya usiku vinafaa kushusha mihadhara, ramani za kutumia bila ya intaneti, na Wikipedia nzima kupitia programu ya Kiwix. Kwenye mwezi wa Ramadhani hesabu hii hubadilika, maana saa za daku kila mtu yuko macho na simu mkononi.

MiFi, kile kidude cha mfukoni chenye laini na betri yake. Kinafaa mtu anayehama baina ya mjini na shamba. Nunua kisichofungwa kwa mtandao mmoja, na kijaribu dukani kwa laini yako mwenyewe, kwa kifurushi chako mwenyewe. Muuzaji akikataa kukujaribia, ondoka.

Ruta ya nyumbani ya 4G au 5G kutoka kwa kampuni ya simu. Kwa familia ya watu watano hii ndiyo njia ninayoipendekeza pasipo na faiba, yaani intaneti ya waya wa nyuzi za kioo. Uliza maswali matatu kabla ya kusaini chochote. Kasi inashushwa baada ya GB ngapi? Maana neno la bila kikomo mara nyingi lina kikomo kilichoandikwa kwa herufi ndogo. Laini yake inafanya kazi kwenye kifaa chengine? Mara nyingi haifanyi. Na naweza kuihamisha? Jirani yangu mmoja alinunua ruta kwa kampuni moja mjini Unguja, akaivusha bahari mpaka Micheweni, ikagoma, kwa sababu mpango wake ulifungwa na eneo alilosajiliwa. Aliirudisha kwa boti ileile.

Faiba. TTCL, shirika la simu la taifa, wanayo huduma ya kufikisha faiba mpaka mlangoni. Ukiwa jirani na barabara kubwa za mjini, uliza kwanza huko kabla ya yote. Usije ukagawa waya kwa mtaa mzima ukawatoza watu: kuuza intaneti ni biashara yenye leseni ya TCRA. Na kisahani cha setilaiti usikinunue kwa mtu mpaka umeiuliza TCRA kama huduma na kifaa hicho vimeruhusiwa nchini.

Wapi pa kuweka, na umeme

Ruta nzuri kwenye kona mbaya ni pesa iliyotupwa. Kwenye simu nyingi za Android, piga *#*#4636#*#* uangalie nguvu ya mawimbi. Samsung nyingi huionyesha kwenye hali ya laini, ndani ya maelezo ya simu. Ni namba yenye alama ya kutoa, na kadri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora. Kwa 4G, baina ya -80 na -95 unafanya kazi kwa raha. Ikifika -110 utalalamika kila siku, na kwenye -120 usijisumbue. Tembea nayo nyumba nzima, chumba kwa chumba, uandike.

Pemba ni vilima na mabonde. Nyumba mbili zilizoachana kwa kurusha jiwe, moja juu ya kilima inapata -85, ya bondeni haipati kitu. Mtu wa bondeni anahitaji ruta yenye tundu za antena ya nje, na antena aipandishe juu ya paa la bati, isiwe chini yake. Mji Mkongwe adui ni ukuta: mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita. Weka ruta dirishani ghorofa ya juu, kisha teremsha waya wa mtandao hadi chini uweke kifaa cha pili cha Wi-Fi. Usitegemee mawimbi yapenye ngazi.

Umeme wetu unapita chini ya bahari, wa Unguja kutoka Ras Kiromoni, wa Pemba kutoka upande wa Tanga. Waliokuwepo Unguja mwishoni mwa 2009 wanaikumbuka ile miezi mitatu ya giza. Siku hizi ni kukatika kwa saa mbili tatu, au Tukuza, umeme wa kulipia kabla, kumalizika usiku. Ruta nyingi hutumia volti 12, kwa hiyo UPS (betri ya akiba) ndogo ya volti 12 inaiweka hai kwa saa kadhaa. Soma kibandiko nyuma ya ruta kwanza, maana nyengine ni za volti 9, na ukichomeka 12 utanusa harufu.

Laini ni jina lako

Laini imesajiliwa kwa alama yako ya kidole. Anayetukana watu mtandaoni kupitia hotspoti yako anatukana kwa laini yako. Weka nenosiri la herufi zisizopungua kumi na mbili, chagua ulinzi wa aina ya WPA2 au WPA3, na usitumie namba yako ya simu, kwani hiyo ndiyo ya kwanza watoto wa mtaani watakayojaribu. Mgeni akiondoka, libadilishe. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na ukikuta usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma ikafutwe.

Ukihisi umedhulumiwa

Kabla ya kulalamika, kusanya: picha ya ujumbe wa kununua kifurushi, picha ya masharti yake kama yapo kwenye menyu, saa ya tukio, na ukurasa wa matumizi ya data kwenye simu. Kanuni za vifurushi za 2021 zinataka usikatwe salio nje ya kifurushi bila ya ridhaa yako, na uweze kuhamishia data kwa mtu mwengine wa mtandao uleule. Hilo la pili ni dawa pia: kama kifurushi cha dada yako kinaruhusu hotspoti na chako hakiruhusu, akuhamishie.

Anza kwa mtoa huduma, na usikate simu mpaka upewe namba ya malalamiko. Iandike. Wasipokujibu, au wakikujibu jibu lisiloeleweka, peleka jambo hilo TCRA, wanayo ofisi Zanzibar, pamoja na namba hiyo na zile picha. Bila ya namba watakurudisha ulikotoka.